Sindano Katikati ya Harusi

Tiya alizaliwa Kinna, katika boma la wafugaji, na hata kabla hajamaliza shule ya msingi baba yake alikuwa amemkabidhi kazi ya kuwadunga mbuzi sindano. Kaka zake walikuwa na papara. Mbuzi walirukaruka mikononi mwao na dawa ikamwagika chini. Tiya alimbana mnyama kwa magoti, akapapasa nyama ya paja, akaingiza sindano na kuitoa, mbuzi akabaki anashangaa. Alipoolewa na Halake, mfanyabiashara wa mifugo wa mjini Isiolo, akahamia mtaa wa Kiwanjani katika nyumba ya mabati yenye ua mpana, aliona kazi hiyo imebaki kwao pamoja na utoto wake.

Mtoto wao wa kwanza alikuwa msichana, wakamwita Talaso. Alitembea mapema na kusema mapema zaidi, na alipofika umri wa kwenda chekechea mtaa mzima ulimjua kwa sauti yake. Jambo moja tu lilimkosesha Tiya raha. Mara mojamoja, bila sababu iliyoonekana, midomo ya mtoto ilivimba na mwili ukajaa mabaka mekundu ya kuwasha. Ilitokea Siku ya Idd, baada ya watoto kugawiwa vitamutamu. Ikatokea tena siku aliyoshinda kwa jirani. Mama mkwe wake, Tari, aliyekuwa akiishi nao, alisema ni jicho. Mtoto mzuri hutazamwa sana. Sheikh akasomea maji dua, mtoto akanywa, uvimbe ukashuka wenyewe, na kila mtu akaridhika isipokuwa Tiya.

Mwaka huo ukame ulikuwa umewakondesha watoto wengi, na shule ya chekechea ikaamua kutia njugu za kusagwa katika uji wa saa nne. Lilikuwa wazo zuri. Watoto waliupenda uji, wakaulamba hadi chini ya kikombe. Talaso hakumaliza chake. Alimwambia mwalimu kwamba ulimi unamwasha, kisha akatapika, kisha sauti ikamkauka, na kila alipovuta pumzi kifua kikatoa mluzi.

Tiya alipofika mbio shuleni alimkuta mwanawe mapajani mwa mwalimu, macho yamevimba hadi yakabaki kama nyufa mbili. Walipanda bodaboda, mtoto katikati yake na dereva, na njia nzima hadi hospitalini Tiya aliuweka mkono kifuani mwa Talaso ili ajue kama bado kinapanda na kushuka.

Daktari aliyewapokea aliitwa Lochoro, kijana mrefu wa Kiturkana asiye na maneno mengi. Aliuliza jambo moja tu, mtoto amekula nini, na kabla jibu halijaisha alikuwa tayari ameshika sindano. Alimdunga Talaso pajani, upande wa nje. Tiya alisimama pale akitazama, na alichokiona hakukisahau. Mluzi ulipungua. Midomo iliyokuwa imeanza kuwa ya kijivu ikarudi rangi yake. Baada ya muda mfupi mtoto aliyekuwa akimponyoka mikononi alifungua kinywa akadai viatu vyake.

Mambo yalipotulia, daktari alivuta kiti akaketi mbele ya Tiya. Alimwambia kwamba mtoto ana mzio wa njugu, ule ambao wengi wanauita aleji. Tiya akauliza kama njugu zile zilikuwa na sumu. Daktari akasema hapana; wenzake wamekunywa uji uleule na wako darasani wanaimba.

"Fikiria mbwa wa boma," alisema. "Kazi yake ni kufukuza fisi. Sasa huyu mbwa amemwona mgeni mwema, akadhani ni fisi. Anabweka, anang'ata, anavunja ua, anaumiza hata wenye boma. Mgeni hana kosa. Mbwa ndiye amekosea. Mwili wa Talaso ukiona njugu unafanya hivyo hivyo."

Tiya alielewa papo hapo. Akauliza mbwa huyo anafundishwaje. Daktari akamjibu bila kumficha kwamba kwa sasa hakuna dawa ya kumaliza mzio wenyewe ambayo angeweza kumpa pale. Watoto wachache huachana nao wakikua, lakini hilo huamuliwa kwa vipimo vya hospitali, wala si kwa kujaribu nyumbani. Kazi yao ni mbili: kumwepusha kabisa na njugu, na kuwa tayari siku zitakapompata kwa bahati mbaya. Kumwepusha maana yake ni kuangalia vitu ambavyo Tiya hakuwahi kuviwazia: kashata, biskuti, mchuzi uliotiwa njugu ili uwe mzito, mafuta yaliyokaangiwa njugu, kijiko kilichotoka katika chombo cha siagi ya njugu. Kupika au kukaanga hakuondoi hatari, na hakuna kiasi kidogo cha kuaminika.

Kisha akamwonyesha kichupa cha kioo chenye dawa iliyomrudisha Talaso. Adrenalini, alisema. Mjini hapa si rahisi kupata ile sindano maalumu iliyotengenezwa tayari, kwa hiyo wangetumia kichupa na bomba la kawaida, naye angeliwekea bomba alama ya utepe mahali dozi ya Talaso inapoishia. Akauliza taratibu kama mama anaogopa sindano.

"Nimedunga mbuzi wengi kuliko ninaoweza kuhesabu," Tiya akajibu.

Daktari akacheka kwa mara ya kwanza. Akamletea chungwa, akamfundisha kuvunja shingo ya kichupa bila kujikata, kuvuta dawa hadi kwenye alama, kutoa hewa, kisha kusukuma. Dalili alizirudia hadi Tiya akazisema bila kusita: kuvimba, mabaka, kutapika, kukohoa, sauti kukauka, mluzi kifuani, kulegea. Pumzi ikibana au mtoto akilegea, usingoje kuona kama itapita. Dunga kwanza, halafu hospitali, hata kama amepata nafuu, kwa sababu shambulio huweza kurudi. Na asisimame wala kutembea. Alale miguu imeinuliwa, au kama pumzi inamsumbua aegemee mtu, miguu ikiwa imenyooshwa.

Kulikuwa na tatizo la joto. Jua la Isiolo lingeiharibu dawa ile. Tiya alilifikiria njiani, na alipofika nyumbani alichukua themosi ndogo ya mdomo mpana, iliyokuwa ya uji, akaipooza kwa maji ya mtungi, akaikausha, akaweka kichupa na bomba ndani vikiwa vimefungwa kitambaa. Tangu siku hiyo themosi ile ilikwenda kila alikokwenda Talaso.

Halake alipopigiwa simu alikuwa mbali, sokoni, na ngamia wake. Alisema njugu zisiingie tena kwake, na aliporudi alifua yeye mwenyewe mifuko ya koti alilozoea kutilia njugu za kutafuna safarini. Kwake hakukuwa na mjadala.

Kwa Tari mjadala ulikuwepo. Hakuwa mwanamke mkaidi, na hakuna aliyempenda Talaso kumshinda. Lakini alikuwa amevuka miaka ya ukame ambayo watu walichemsha ngozi wakanywa supu yake, na kwake chakula kilikuwa uhai. Kusikia kwamba chakula kinaweza kumuua mtoto kulimkera kama tusi. Alimtazama mkwewe akisoma maandishi madogo kwenye pakiti za biskuti dukani, akirudisha sahani za watu sherehe ikiwa imepamba moto, akimzuia mtoto kwenda chekechea mpaka walimu waelewane, naye akaona msichana analelewa kama yai. Nani atamwoa mtu asiyeweza kula kwa watu?

Alilisema hilo mara moja. Tiya akamjibu kwa adabu kwamba heri awe hai bila kuolewa. Hawakulirudia.

Miezi ikapita, na kaka yake Tiya, Dullo, akapata mchumba. Harusi ikapangwa Kinna baada ya mvua za kwanza. Tiya alisitasita. Kutoka Kinna hadi mjini ni mwendo mrefu wa vumbi, na umati wa harusi hauna mwisho wala mtu wa kuuliza kilichomo vyunguni. Alimpigia daktari Lochoro kumtaka ushauri. Daktari akamwambia mtoto hakuumbwa afungiwe nyumbani. Aende, ila achukue vichupa viwili, ajue kituo cha afya cha huko kiko upande gani, na azungumze na wapishi mapema.

Tiya alifanya yote hayo. Alifika siku moja kabla, akakaa na wanawake waliokuwa wakipika, akawaeleza habari ya mbwa wa boma, wakacheka na wakaelewa. Wali, nyama, maziwa, buni za kahawa zilizokaangwa kwa samli: hakuna kilichokuwa na njugu. Asubuhi ya harusi moyo wake ulikuwa mwepesi. Wanawake waliimba, vijana wakaruka, Talaso akakimbia na binamu zake huku na huku katika gauni la manjano.

Asichokijua ni kwamba mgeni mmoja aliyetoka Meru alikuwa amekuja na kashata za njugu kama zawadi, na kwamba Tari alikuwa amepewa moja.

Tari aliishika ile kashata kwa muda mrefu. Aliwahi kuona ngamia wageni wakizoeshwa malisho mapya, tawi moja leo, matawi mawili kesho, hadi wakala bila kuumwa. Alifikiri kwamba daktari ni kijana, na mkwewe ana hofu ya mzazi wa mtoto wa kwanza. Akamega kipande kidogo kama ukucha, akamwita mjukuu wake, akamtia kinywani. Hapakuwa na ubaya wowote moyoni mwake. Alitaka mtoto awe huru.

Talaso alitafuna, akatabasamu, kisha tabasamu likamtoka. Akashika shingo.

Tiya alikuwa ndani ya hema la wanawake aliposikia anaitwa. Aligeuka akamwona Tari amembeba Talaso mikononi, mtandio umemwanguka, uso umemshuka.

"Nimempa njugu," Tari alisema. "Kidogo. Ni mimi niliyempa."

Baadaye Tiya alisema mara nyingi kwamba maneno hayo ndiyo yaliyokuwa nusu ya kumwokoa mtoto. Tari angeweza kusema hajui. Angeweza kungoja aone kama itapita. Alisema ukweli wote kwa pumzi moja, na kwa hiyo hakuna wakati uliopotea kwa kuuliza.

Tiya alitandaza mkeka kwa mguu huku mikono ikiwa tayari inafungua themosi. Mabaka yalikuwa yamefika kifuani, midomo imevimba, na ule mluzi alioujua ulikuwa umeanza. Nyimbo zilikatika. Watu walijazana mlangoni, mmoja akataka mtoto anyweshwe maziwa, mwingine akataka ainuliwe atembezwe apate hewa. Tiya alisema hapana bila kupaza sauti, wakarudi nyuma. Alimwambia Tari aketi, amwegemeze mtoto kifuani mwake, na mtu mwingine amnyooshe miguu.

Kisha akavunja shingo ya kichupa. Mikono yake ilishika bomba kama ilivyolishika miaka ile kwa mbuzi. Akavuta dawa hadi kwenye utepe, akatoa hewa, akapapasa paja la mwanawe juu ya gauni la manjano, akasukuma sindano moja kwa moja kupitia kitambaa. Akaishikilia kidogo kabla ya kuitoa, kisha akasugua pale pahali.

Dullo, bwana harusi mwenyewe, alikuwa amekwisha kuwasha gari lililopambwa maua na utepe mwekundu. Walimbeba Talaso vilevile, ameegemea kifua cha nyanya yake, wala hakuna aliyemruhusu kukanyaga chini. Kabla hawajafika kituo cha afya, Tiya alisikia mluzi unalegea. Mtoto akafungua macho kidogo, akamuuliza mjomba wake kwa nini ameondoka kwenye harusi yake.

Hapo ndipo Tiya alipolia. Alilia bila sauti, ameshika mguu wa mwanawe, na Dullo akaendesha gari huku naye akijifuta uso kwa mkono wa kanzu yake mpya.

Muuguzi wa kituo aliwapokea vizuri. Alisikiliza kilichotendwa, akamweka Talaso kwenye oksijeni, akasema mama amefanya lililotakiwa. Lakini hakuwaruhusu kuondoka. Ujumbe ulikuja kutoka harusini kwamba kama mtoto anacheka basi arudishwe, watu wanamngoja. Muuguzi akakataa, na Tiya akakubaliana naye. Ikawa heri, kwa maana alasiri mabaka yalijitokeza tena na kifua kikaanza kubana. Muuguzi alikuwa karibu na dawa tayari. Alimdunga mara ya pili, na safari hiyo shambulio likaondoka moja kwa moja.

Tari alikaa kwenye benchi la nje siku nzima. Hakula, hakunywa. Tiya alimwona kupitia dirishani na hasira ikampanda. Alikuwa na maneno ambayo kama angeyasema yasingerudishika. Alitoka nje akiwa nayo mdomoni. Lakini alipofika pale aliona mikono ya mama mkwe wake, imekunjwa mapajani, nayo ilikuwa mikono ileile iliyombeba Talaso bila kumwangusha kutoka uwanjani hadi hemani. Akaketi kando yake.

"Mama," alisema, "mimi siwezi kumlinda peke yangu. Nakuhitaji. Lakini nakuhitaji uwe upande wangu kabisa."

Tari akasema, "Nifundishe hiyo sindano."

Kulipokucha muuguzi aliridhika, akawaachia. Gari la maua liliporudi uwanjani, wanawake walikuwa wamejipanga njiani. Walimpokea Talaso kwa vigelegele kama kwamba yeye ndiye bibi harusi, na bibi harusi mwenyewe akamvisha shanga zake shingoni. Harusi iliyokatika jana ikaanzia pale ilipoachwa. Wazee walisema haikuwahi kuonekana Kinna harusi iliyochezwa kwa furaha kama ile, na Tiya, ambaye hakuwa amecheza tangu aolewe, alicheza mpaka kiatu kikakatika.

Walirudi Kiwanjani wakiwa watu wengine. Tari alidunga machungwa hadi nyumba nzima ikachoka kula machungwa yenye matundu. Akawa mkali kuliko Tiya. Mgeni akileta mfuko, Tari aliuliza kilichomo kabla ya kuuliza habari za nyumbani.

Muhula ulipofunguliwa, shule iliitisha mkutano wa wazazi kuhusu uji. Mwalimu mkuu alikuwa tayari kubadilisha, lakini wazazi wengine walinung'unika. Njaa ilikuwa ya watoto wote, walisema, na njugu zilikuwa zimewapa watoto wao mashavu. Iweje mia waadhibiwe kwa ajili ya mmoja? Mwingine akapendekeza Talaso aje na chakula chake akae kando.

Tiya alisimama. Alikuwa amezoea kunyamaza mbele za watu, na sauti yake ilianza chini.

"Sijaja kuwanyang'anya watoto wenu nguvu," alisema. "Hata mimi nilipenda ule uji. Lakini watoto wa chekechea wanashikana mikono, wanapeana vijiko, wanapakana midomo. Nikimweka wangu kando, bado njugu itamfikia. Naomba tutafute nguvu mahali pengine, kitu ambacho wote wanaweza kula kwenye meza moja. Na naomba mnisaidie kumfikisha mtoto wangu ukubwani."

Tari akainuka polepole kutoka nyuma. Akasema yeye ndiye nyanya, na kwamba alikuwa anafikiri kama wao, hata zaidi, mpaka alipomega njugu kidogo kama ukucha akaona mtoto anaishiwa na pumzi mikononi mwake. Kisha akaketi.

Aliyefuata ni Istahil, Msomali anayeuza maziwa ya ngamia sokoni, ambaye wajukuu wake walisoma pale. Alisema kwa kuwa mvua zimenyesha na ngamia wanakamwa, yeye na wenzake wataleta maziwa ya kutia katika uji wa mtama, na kama ni mashavu, waje wawaone watoto waliolelewa kwa maziwa ya ngamia. Watu wakacheka. Mikono ikainuka mmoja baada ya mwingine, hata wa yule aliyependekeza mtoto akae kando. Mwalimu mkuu akapanga siku nyingine daktari Lochoro aje awafundishe walimu na wazazi, na Talaso akarudi darasani akiwa na sauti yake yote.

Mwisho wa mkutano, mwanamke mmoja wa Kiturkana kutoka mtaa wa Chechelesi, jina lake Atabo, alimfuata Tiya langoni. Walisalimiana, habari, nzuri, kisha akauliza kama jambo hili ni la watoto peke yao. Mume wake, Lomorukai, dereva wa lori, alikula njugu tangu utotoni bila shida. Lakini siku hizi akizila koo linamwasha na midomo inakuwa mizito, naye husema ni chumvi, hunywa maji na kuendelea. Tiya akamwambia hata mtu mzima huweza kupatwa, na hata chakula alichokizoea huweza kumgeuka. Akamsihi ampeleke kwa daktari na njugu ziachwe kwanza. Akamtajia dalili zote, na la kutembea akalirudia: akizidiwa asitembee.

Lomorukai alikuwa jabali la mtu, hakuwa na muda wa hospitali. Njugu aliacha kwa wiki chache tu. Adhuhuri moja alisimamisha lori mbele ya nyumba yake, akaingia kula, akamalizia kwa konzi ya njugu alizonunua njiani. Atabo alikuwa uani akifua aliposikia kikohozi. Alipoingia, mumewe alikuwa amesimama katikati ya chumba, uso umevimba, anasema anaenda kutembea nje apate hewa.

Zamani Atabo angemwacha atoke. Sasa alimshika mshipi akamketisha chini kwa nguvu, akamwegemeza ukutani, akamnyoosha miguu, akaita majirani walete gari badala ya pikipiki. Njiani alipiga simu hospitalini akasema anamleta mtu mwenye mzio wa njugu, kifua kimebana. Walipofika, sindano ilikuwa tayari mkononi mwa daktari Lochoro. Lomorukai alizimia kwenye kitanda cha hospitali badala ya kuzimia peke yake barabarani, na daktari akamrudisha.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala ya adhuhuri, Tari alisikia hodi kwenye lango la mabati. Alipofungua alimwona mwanamume mkubwa amejaza lango lote, ameshika kamba, na mwisho wa kamba mbuzi jike mweupe mwenye mimba. Nyuma yake alisimama Atabo, amevaa shanga zake zote, na nyuma ya Atabo majirani wa Chechelesi wakiimba wimbo wa Kiturkana ambao Tari hakuuelewa maneno yake, ingawa aliielewa furaha yake vizuri. Tiya alitoka jikoni. Talaso akamkimbilia mbuzi. Halake, ambaye kwa bahati alikuwa nyumbani, alimtazama mnyama yule kwa jicho la biashara akatikisa kichwa kwa heshima.

Lomorukai alisema hajui kuhutubia. Alimkabidhi Tiya kamba.

"Umeniokoa na hujawahi kuniona," alisema. "Huyu azae kwako."

Tiya alimshika Atabo mikono, wakakumbatiana, na wimbo ukapanda hadi watoto wa Kiwanjani wakaja mbio kutoka kila kichochoro. Halake akawakaribisha wageni wote ndani kwa chai.

Lomorukai alipiga hatua ya kwanza kuingia. Tari alikuwa amekwisha kutangulia mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu, birika la maji na sabuni katika mkono wa pili.

"Karibu sana, baba," alimwambia. "Wewe najua hujala njugu. Hawa wenzako je?"

Lomorukai akaangua kicheko kilichosikika hadi barabarani, akageuka akawaamuru wenzake wapange foleni, na majirani wa Chechelesi wakanawa mikono mmoja mmoja huku wakiendelea kuimba.